Stella Walichezaje?

Magomeni, Dar es Salaam
1 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,



Mama yako alinipigia simu juzi baada ya Isha, na habari zote alizokuwa nazo zilikuwa zako. Kasema tangu Jumapili ile ya tarehe 25 Mei, Simba yetu ilipolikosa kombe mbele ya Berkane, huli ukashiba. Kasema umemwandikia mchezaji, kijana wa watu, maneno ya kumtusi hadi mzazi wake. Na yule rafiki yako mnayepanga naye chumba hamsemezani, kwa kuwa yeye ni Yanga na filimbi ya mwisho ilipolia alicheka. Mimi mwenyewe usiku ule ulinipigia ukasema, "Mjomba, tumeibiwa." Sikukujibu, kwa sababu nami nilikuwa na donge kooni. Leo nimekaa nikuandikie, maana niliyo nayo hayatoshi kwenye simu.

Nikusimulie kwanza Novemba 1993. Umesikia watu wakiitaja fainali ile, ila hujawahi kunisikia mimi nikiisimulia, na sababu utaiona.

Nilikuwa na miaka 26, najifunza ushonaji Kariakoo kwa mzee mmoja mtu wa Jangwani, Yanga wa damu. Simba yetu, chini ya King Abdallah Kibadeni, ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF. Njiani tulikuwa tumewatoa Waarabu wa El Harrach kutoka Algeria na Aviação ya Angola. Mechi ya kwanza ya fainali ilichezwa Abidjan, na tukatoka suluhu na wenyeji wetu Stella, 0-0. Ugenini, Afrika Magharibi, bila kufungwa! Siku ile Msimbazi watu walicheza ngoma kama kombe limeshavuka Chalinze. Kila kijiwe kilikuwa na hesabu moja tu: tumewabana kwao, watakuja kufa kwetu. Wachezaji walikuwa wameahidiwa gari kila mmoja, aina ya KIA, na mtaani watu walikuwa wanabishana nani atapata rangi gani.

Jumamosi ya tarehe 27 nilifunga kazi mapema. Nilikuwa nimejishonea shati jekundu kwa mabaki ya kitambaa cha mteja. Uwanja wa Taifa, ule ambao leo tunauita Uhuru, ulijaa hadi watu wakakaa miguu ya mmoja ikiwa mabegani mwa mwenzake. Rais Mwinyi alikuwepo. Tukafungwa 2-0. Mabao yote mawili alifunga mtu mmoja, Boli Zozo.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Maelfu ya watu, ukasikika mpira unavyopigwa. Nilipotoka sikuwa na ukimya tena. Nilisimama nje ya uwanja na wenzangu tukawaita wachezaji wetu wasaliti, kwa majina yao, tena kwa sauti. Tulisema wameuza mechi. Wengine wakasema ni magari yaliyowavuruga akili, wengine wakasema kuna kitu kilifukiwa golini. Nilisema yote hayo matatu kwa jioni moja, na nikayaamini yote. Mpwa wangu, sikuwa na ushahidi wa hata moja. Nilikuwa na uchungu tu, nikadhani uchungu ni ushahidi.

Jumatatu nikarudi kazini nikijiandaa kutaniwa. Yule mzee hakunitania. Aliendelea kupiga chaki kwenye kitambaa, kisha akaniuliza, "Nieleze, Stella walichezaje?"

Nikaanza kumweleza kuhusu mwamuzi. Akasema, "Sikukuuliza mwamuzi." Nikaanza kumweleza kuhusu beki wetu. Akasema, "Huyo ni wenu. Nakuuliza Stella." Nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa uwanjani dakika 90, macho yangu mazima, na sikuweza kumwambia kama Stella walikuwa wanapita pembeni au katikati. Sikujua kama walitusubiri nyuma au walitufuata. Nilijua jina la Boli Zozo, basi. Na hata jina hilo mtaani kwetu tulikuja kuligeuza tusi: mtu goigoi, asiye na mbele wala nyuma, akawa anaitwa bolizozo. Hebu fikiri. Mtu kaja kwenu, katikati ya watu wenu wote, kafunga mabao mawili na kuondoka na kombe, nanyi mnalifanya jina lake kuwa la mtu asiyeweza kitu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hatukuwa tunatafuta sababu ya kufungwa. Tulikuwa tunatafuta namna ya kutokubali kwamba kulikuwa na timu ya pili uwanjani.

Yule mzee akaniambia jambo la kazi yetu. Suruali ikimbana mteja, fundi haulizi nani kamroga. Anarudi kwenye vipimo. Nimeshona miaka 30 na zaidi kwa kauli hiyo.

Basi turudi kwenye vipimo vya 1993. Kwanza, ile suluhu tuliyoichezea ngoma haikuwa nusu ya kombe. Bao la ugenini lilikuwa na uzito wake katika sheria. Tulitoka Abidjan bila bao, maana yake Stella wakipata moja tu Dar es Salaam, sisi tunahitaji mawili. Sare yoyote ya mabao ingewapa wao kombe. Aliyekuwa anahesabu vizuri alipaswa kuingia Taifa na hofu, na sisi tuliingia na tarumbeta. Pili, hatukujua tunacheza na nani. Tulisema "vijana wa Abidjan" kama tunasema timu ya mtaa wa pili. Nchi yao, Ivory Coast, ndiyo iliyokuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1992. Mwaka huohuo Africa Sports, ya Abidjan hiyohiyo, ilichukua Kombe la Washindi kwa kuwafunga Vital'O wa Bujumbura. Na Stella wenyewe walikuwa wamecheza fainali ya Afrika tangu 1975, wakafungwa na Tonnerre ya Yaoundé. Kwa hiyo siku ile, wakati sisi tunabishana rangi za magari, watu wale walikuwa na kiu ya miaka 18. Mambo haya niliyajua baadaye sana, na hakuna aliyenificha. Sikuuliza.

Sasa nije kwako.

Unasema tumeibiwa Amaan, kule Zanzibar. Lile bao la Mukwala lililokataliwa baada ya VAR linaniuma na mimi. Nililiona, nikasimama, nikamwaga chai yangu. Lingekubaliwa tungekuwa 2-0, jumla 2-2, na nani ajuaye. Kadi nyekundu ya Kagoma mapema kipindi cha pili nayo ilituvunja, maana ukicheza pungufu dhidi ya timu inayolinda uongozi, miguu huisha kabla ya saa. Sikatai hata kidogo kwamba hayo yalitugharimu. Lakini Amaan ilikuwa mechi ya marudiano. Niambie ya kwanza ilikuwaje.

Huniambii, kwa sababu hakuna anayeizungumza. Tarehe 17 Mei kule Berkane tulikuwa tumeshafungwa mawili kabla robo saa ya kwanza haijaisha. Alifunga Camara, kisha Lamlioui. Robo saa! Wewe umetazama marudio ya bao la Mukwala mara ngapi? Mama yako anasema usiku kucha. Zile dakika 15 za Berkane umezitazama mara ngapi? Kombe lilianza kuondoka pale, na sisi tumekwenda kulitafuta Zanzibar.

Najua kwa nini hatukushtuka. Aprili tulifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, tukarudi Dar tukawafunga 2-0, tukawatoa kwa penalti. Kwa Mkapa hatoki mtu, tukasema. Ilikuwa kazi nzuri, na vijana wale wanastahili sifa kwa hiyo, ila sisi mashabiki tuliigeuza kuwa desturi, kana kwamba mabao mawili ya ugenini ni deni la kawaida linalolipwa wiki inayofuata. Halafu CAF wakaihamishia mechi ya marudiano Amaan kwa sababu ya hali ya uwanja wetu wa Mkapa, na lile jukwaa la watu 60,000 tulilolitegemea likabaki tupu upande wa pili wa bahari. Hata hivyo tukaongoza kwa bao la Mutale. Tulikuwa bado tunahitaji moja tu kuwafikia. Wale jamaa hawakutetereka. Walijua kwamba wakipata bao moja tu, sisi tutahitaji mengine mawili juu ya lile moja, na wakalipata kwenye dakika za nyongeza, 1-1.

Na ni akina nani hao? Hapa ndipo nakuomba usome polepole. RS Berkane walifungwa fainali ya kombe hilihili mwaka 2019 na Zamalek. Mwaka uliofuata wakalichukua. Wakalichukua tena 2022. Mwaka jana, 2024, wakafika fainali, wakashinda 2-1 kwao, wakaenda Cairo wakafungwa 1-0, na kombe likachukuliwa na Zamalek kwa bao la ugenini. Yaani kijana wa Berkane wa umri wako alilala mwaka jana kama ulivyolala wewe wiki iliyopita. Timu ile haikuja Amaan kujifunza fainali. Ilikuwa imeshazijua zote, za kushinda na za kufungwa, na moja ya kufungwa kidonda chake kilikuwa hakijakauka. Walivyotulia baada ya bao la Mutale, ndugu yangu, si uchawi ule. Wameshalipia.

Angalia na upande wetu tukishinda. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers walitupiga 4-0 hapahapa Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 12. Tukaenda kwao Zambia tukawapiga 5-0 na kuwatoa. Babu yako alilia kwa furaha, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. Mwaka 2003 tulikwenda Cairo tukawavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti, Kaseja akiwa golini. Umeshawahi kumsikia mtu Msimbazi akisema Mufulira waliuza mechi? Au kwamba Zamalek walirogwa? Tunasema Simba ilicheza. Na ni kweli ilicheza. Basi haki hiyohiyo tuwape waliotufunga.

Sikuandikii haya ili upunguze mapenzi. Sitaki uwe mtu wa kusema "ni mpira tu." Mimi sijawahi kuwa mtu huyo, na shati jekundu la 1993 lipo sandukuni. Uchungu wako una heshima yake. Ninachokataa ni ule uchungu unaotafuta mtu wa kumla. Yule mchezaji uliyemwandikia ana mama kama wako, naye mama yake husoma simu. Wale niliowaita wasaliti nje ya Uwanja wa Taifa walifika fainali ya Afrika, jambo ambalo klabu yetu ilisubiri zaidi ya miaka 30 kulifikia tena. Wengine wao wameshatangulia mbele ya haki. Sikupata nafasi ya kuwaambia nisamehewe, na ndiyo sababu huwa siisimulii fainali ile.

Na huyo rafiki yako wa Yanga. Tarehe 28 Mei 2023 timu yake ilifungwa 2-1 na USM Alger, kwa Mkapa, fainali ya kombe hilihili. Siku sita baadaye wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Wameshinda ugenini, kwa Waarabu, na kombe hawakulipata, kwa kanuni ya bao la ugenini. Jumla 2-2. Siku ile wewe ulicheka. Nilikusikia, ulikuwa hapa kwangu sebuleni. Katika nchi nzima hii, mtu anayejua unavyojisikia leo ni yeye na wenzake. Unapanga naye chumba kimoja na humsemeshi.

Nakuomba mambo mawili, na nakuomba kama mjomba wako. Lile andiko kwa mchezaji lifute leo, umwandikie jingine la kumtaka radhi, hata kama hatalisoma. Kisha mwite mwenzako, mkae pamoja, muitazame mechi ya Berkane tangu mwanzo, dakika 15 zile za kwanza, msiruke hata moja. Ukimaliza niandikie uniambie Berkane walichezaje.

Nimekutumia fedha kidogo ya chakula kwa simu. Kula.

Wasalaam,
Mjomba wako