Asimame Nani Mlangoni?

Katika timu ya mpira, wachezaji kumi huweza kupokezana nafasi pasipo watazamaji kushtuka. Beki akipanda mbele, kiungo hushuka kumzibia pengo. Mlinda mlango peke yake hana jirani. Akianguka asiinuke, kocha hutazama akiba. Na akiba ikiwa imekwisha, timu nzima hutazama chini, kila mmoja akiomba jicho la kocha limpite.

Hayo ndiyo yaliyowapata Wakomoro mwezi Januari 2022 huko Kameruni, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika walizoshiriki kwa mara ya kwanza. Walikwisha kuwafunga Ghana mabao 3 kwa 2, lakini katika mchezo huo kipa wao, Salim Ben Boina, aliumia bega. Kisha Ali Ahamada na Moyadh Ousseini, makipa wawili waliosalia, wakakutwa na Korona. Siku ya kupambana na wenyeji, tarehe 24, hapakuwa na hata mmoja. Jezi ya kipa akavishwa Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, mtu asiye mrefu, na namba 3 ikabandikwa juu ya jezi hiyo kwa utepe.

Dakika ya 7 Nadjim Abdou akatolewa kwa kadi nyekundu. Wengi walitazamia mvua ya mabao. Wakomoro walifungwa, ndiyo, lakini kwa 2 kwa 1 tu; Youssouf M'Changama alifunga kwa mpira wa adhabu kutoka mbali, na Alhadhur aliokoa mipira ambayo hata kipa wa kazi angejivunia.

Watu walimsifu, na alistahili. Hata hivyo sifa hizo huliruka swali moja: anayesimama mahali pasipo pake, yeye hukingwa na nani? Swali hilo lilipata jawabu katika Bandari ya Bujumbura, na aliyelijibu ni mwanamke asiyekanyaga uwanjani.

Bandari hiyo iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na meli huja kutoka Kigoma na Mpulungu. Mizigo mingi bado hupita mgongoni mwa mtu kabla ya kufika kwenye lori. Wachukuzi wana timu yao. Vital'O, au Rukinzo ya polisi, husajili makipa wa akiba. Timu ya gatini husajili aliyepo. Kipa wao alikuwa amevunjika kifundo cha mkono katika mechi iliyotangulia, na msaidizi wake alikuwa melini, safarini kwenda Mpulungu. Jumapili walikuwa na ahadi na vijana wa Buyenzi. Macho yote yakamwangukia mchukuzi mmoja mwenye viganja vipana, baba wa watoto wanne. Karani mmoja mzee wa ghalani akamsimulia habari za Alhadhur, akamaliza kwa kusema, "Mwanangu, mwanamume haogopi lango."

Jioni mchukuzi akazipeleka habari hizo nyumbani. Mkewe alikuwa akichambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Baba watoto, huyo Mkomoro akivunjika kidole, klabu yake itamtibu na mshahara wake utaingia. Wewe ukivunjika kidole, gunia litanyanyuliwa na nani?"

"Nisipokwenda nitaitwa mwoga."

"Sikukukataza kwenda. Waambie wenzako waandike. Ukiumia, kila mmoja atoe sehemu ya ujira wake wa siku hadi utakapopona. Wasipotaka, wacheze bila kipa."

Maneno hayo yalipofika gatini, baadhi walicheka, wakasema mama huyo ameugeuza mpira kuwa soko. Kicheko hicho hakikuwa na haki. Wake wa askari wanalijua jambo hili kuliko washangiliaji wote. Tangu Desemba 2007, askari wa Burundi walipoanza kupelekwa Somalia, nyumba nyingi zilibaki na mlinda mlango mmoja tu: mama. Yeye ndiye aliyelipa ada ya shule, akampeleka mgonjwa zahanati, akamjibu mwenye nyumba. Alisifiwa sana. Lakini siku alipoanguka yeye kwa homa, ni jirani gani aliyekuwa amepangwa tangu mapema kushika sufuria? Mara nyingi hapakuwa na yeyote. Watu walikuwa wameshiba sifa zake.

Karani hakucheka. Alifungua daftari alimozoea kuhesabia mifuko ya saruji, akapiga mstari, akaandika majina kumi. Wawili waligoma hadi Jumamosi. Mmoja wao alikubali baada ya kuulizwa kama angependa kuvaa jezi hiyo mwenyewe. Wa pili alikubali kwa kuona aibu ya kubaki peke yake.

Mchukuzi alifungwa mabao 4. Hakuwa Alhadhur. Jumatatu alfajiri alikuwa gatini, vidole vyote vizima, akingoja zamu yake ya saruji. Yule kipa wa kwanza naye alikuja, mkono ukiwa umefungwa bandeji, akasimama kando ya meza ya karani mpaka watu wakapungua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama daftari lile linaweza kuhesabu kuanzia siku aliyoumia yeye, maana ilikuwa wiki ya tatu, na hakuna mtu wa timu aliyekwisha kubisha hodi kwake.