Milima Iliyokutana

Wazee wetu husema, "Milima haikutani, lakini binadamu hukutana." Methali hii nimeisikia tangu utoto wangu katika vilima vya Taita, na sikuwahi kuitilia shaka, maana ni kitu gani kilichotulia mahali pake kuliko mlima? Walakini leo nataka kuwaeleza wasomaji habari za Himalaya, milima mirefu kupita yote duniani, ambayo isingalikuwapo kama nchi mbili zisingalikutana. Na kabla ya hayo sina budi kukiri kosa nililolitenda nyumbani kwetu kwa ajili ya milima hiyo.

Jioni moja nilipokuwa likizoni, nilikuwa nikimsomea baba yangu kitabu cha jiografia, kwa kuwa macho yake yamepungua nuru. Baba amekuwa mwalimu wa kanisa kwa muda mrefu, na hupenda sana kusikia habari za nchi za mbali. Tukafika mahali palipoandikwa kwamba kilele cha Mlima Everest, futi 29,032 juu ya bahari, ni mawe ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na kwamba ndani yake mna vipande vya magamba ya viumbe wa baharini. Baba alifurahi mno, akawaambia wageni waliokuwapo, "Mmesikia? Hiyo ndiyo gharika ya Nuhu!" Nami, kwa kiburi cha elimu, nikajibu mbele ya watu, "La, Baba. Hayo ni maneno ya watu wasiosoma."

Baba hakunijibu neno. Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda kulala bila kusali nasi, jambo ambalo sikupata kuliona maishani mwangu.

Nikarudi kazini na moyo mzito. Lakini lililonichoma zaidi ni hili: mimi niliyemhesabu baba yangu kuwa mtu asiyesoma, sikuwa na jibu. Kama si gharika, magamba yale yalifikaje huko juu? Basi nikaanza kutafuta, kila jioni baada ya kutoka ofisini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Zamani sana Bara Hindi halikuwa sehemu ya Asia. Lilikuwa jirani yetu, limeungana na Madagaska na Afrika katika nchi moja kubwa ya kusini ambayo wataalamu wameiita Gondwana. Nchi hiyo ikapasuka. Kadiri ya miaka milioni 90 iliyopita Bara Hindi likaachana na Madagaska, likashika safari ya kaskazini, na kuna wakati lilikwenda inchi 6 kwa mwaka. Mbele yake palikuwa na bahari iitwayo Tethys, ambayo sakafu yake ilijaa matope na magamba yaliyokusanyika kwa mamilioni ya miaka. Sakafu ile ilikuwa nzito, ikawa inazama chini ya Asia na kulivuta Bara Hindi nyuma yake, kama kitambaa kinachoteleza mezani, ncha yake iliyoning'inia ikivuta kitambaa chote.

Kadiri ya miaka milioni 50 iliyopita nchi zile mbili zikagongana. Nchi kavu ni nyepesi, haizami upesi kama sakafu ya bahari. Kwa hiyo hapakuwa na njia ila kukunjamana na kupandana. Yaliyokuwa matope ya bahari, ambayo sasa yamekuwa mawe, yakainuliwa hata mawinguni. Magamba hayakupandishwa mlimani na maji. Sakafu ya bahari yenyewe ndiyo iliyopanda.

Milima hiyo yaenea kwa urefu wa maili 1,500 hivi, tangu Nanga Parbat upande wa magharibi hata Namcha Barwa upande wa mashariki. Imepangwa kama ngazi. Kusini, karibu na nchi tambarare ya Mto Ganges, kuna vilima vya Siwalik, vilivyofanyika kwa mchanga na changarawe zilizochukuliwa na mito kutoka juu. Nyuma yake ipo Himalaya ya kati, na nyuma ya hiyo Himalaya kuu, yenye theluji siku zote. Duniani kuna vilele 14 tu vipitavyo mita 8,000, na 10 kati yake viko humo. Mito ya Indus na Brahmaputra huanzia nyuma ya milima, upande wa Tibet, ikapita katikati yake kwa makorongo ya kutisha. Nayo kusi ivumayo katika pwani yetu huvuka bahari hata Bara Hindi, ikagonga milima hiyo na kumwaga mvua yake upande wa kusini, na Tibet ikabaki kavu.

Mkutano huo haujaisha. Bara Hindi lingali linasukuma kwa kadiri ya inchi 2 kila mwaka, karibu na mwendo wa ukucha unavyokua. Lakini mawe hayakubali kwenda kwa utaratibu. Hushikamana miaka mingi, kisha huachia kwa ghafula. Tarehe 25 Aprili 2015 yaliachia katika Nepal, na watu wapatao 9,000 wakafa. Kwa hiyo tusiihesabu habari hii kuwa ya kale tu.

Jambo jingine lilinigusa kwa kuwa mimi ni karani. Kabla ya Hillary na Tenzing kufika kileleni mwaka 1953, urefu wa mlima ule ulikuwa umekwisha kujulikana kwa miaka mia moja. Wapimaji walikuwa wameutazama kwa vyombo vyao toka nchi tambarare, mbali zaidi ya maili 100, na mwaka 1852 Radhanath Sikdar, mtu wa Bengali aliyekuwa mkuu wa mahesabu katika idara ya upimaji, akaona katika hesabu zake kwamba unapita yote. Mwaka 1856 ikatangazwa kuwa ni futi 29,002. Mtu aliyeketi mezani na kalamu yake alikosea futi 30 tu.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa Baba, nikamwomba radhi mbele ya wageni wale wale. Kisha nikatandika mkeka sakafuni, nikausukuma hata ukagota ukutani na kukunjamana, naye akaipapasa mikunjo kwa vidole vyake. Nikamweleza pia kwamba vilima vyetu vya Taita ni mashina ya safu ya milima ya namna hiyo hiyo, iliyoinuka nchi za kale zilipogongana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikaliwa na mvua na upepo hata tukabakiwa na hivi tunavyovilima.

Baba akanyamaza kitambo, akauliza, "Na aliyesukuma ni nani?"

Nikaanza kumweleza habari za sakafu nzito inayozama na joto lililo ndani ya dunia. Akaniinulia mkono. "Sikukuuliza ni nini, mwanangu. Nimekuuliza ni nani."

Sikumjibu, wala safari hii sikuona aibu kukosa jibu. Usiku ule tulisali pamoja. Nami nawasihi vijana wenzangu tuliopata elimu kidogo: tukitaka kuwasahihisha wazee wetu, kwanza tuwe na jibu, na pili tuchague mahali pa kulisemea. Milima yenyewe hukutana. Haifai mtu na baba yake washindwe.