Coburg, Mji Uliojikabidhi kwa Mwafrika

Mgeni anayefika Coburg, kaskazini mwa Bavaria, na aangalie anapokanyaga. Mifuniko ya chuma ya mitaro imechongwa kichwa cha mtu mweusi, uso kando, hereni sikioni. Hiyo ndiyo nembo ya mji, na kwenye ngao yenyewe kichwa hicho kimewekwa juu ya rangi ya dhahabu.

Ukifika uwanja wa soko, inua macho. Juu ya ukumbi wa mji amesimama mtu yuleyule, mzima, fimbo mkononi. Wenyeji husema fimbo hiyo ndiyo kipimo cha soseji za Coburg, kama sentimita 31, zinazochomwa hapo chini kwa moto wa matunda makavu ya msonobari. Moshi wake una harufu tamu ajabu! Kula ukiwa umesimama, kama wanavyokula wao.

Mtu huyo ni Mtakatifu Morisi, msimamizi wa mji. Kwa masimulizi ya Kanisa, aliongoza Kikosi cha Thebe, askari Wakristo kutoka Misri waliolitumikia jeshi la Roma. Mwishoni mwa karne ya 3, huko Agaunum, leo Saint-Maurice nchini Uswisi, walikataa kuitolea sadaka miungu ya Kirumi, wakauawa.

Kanisa lake mjini hapa lina minara miwili isiyolingana. Martin Luther alihubiri humo Pasaka ya 1530, kisha akakaa miezi kadhaa katika ngome ya kilimani. Mageuzi yake yaliwatoa watakatifu katika ibada za Wajerumani wengi, lakini Coburg wakabaki na Morisi wao. Hilo hunigusa kuliko ngome na majumba yote ya watawala.

Waliomng'oa walikuja baadaye. Mwaka 1929 Coburg ulikuwa mji wa kwanza Ujerumani ambao Wanazi walishika viti vingi kuliko wengine wote kwa pamoja katika baraza. Ni doa zito. Mwaka 1934 wakamfuta Morisi, wakaweka upanga wenye swastika kwenye kishikio. Kwao haikuvumilika mji wa Kijerumani uwe na mlinzi mweusi. Utawala wao ulipoanguka mwaka 1945, Morisi akarudishwa.

Mwaka 2020 mabishano yaliibuka upya. Waliotaka nembo ibadilishwe walisema midomo ile minene na hereni ile ni dhihaka kwa Waafrika. Wengine wakaitetea kuwa ni heshima ya karne nyingi. Sahihi zilikusanywa pande zote mbili. Mimi nasema Morisi abaki, ila achorwe upya. Katika kanisa kuu la Magdeburg ipo sanamu yake ya karne ya 13: Mwafrika aliyevaa deraya, mwenye uso wa mtu halisi, si kikaragosi. Wachoraji wa Coburg wangeanzia hapo.