Tulipokuwa Tukichuliwa

Kwetu Tanga zamani, kuchuliwa hakukusubiri mtu augue. Wavuvi walivuta nyavu usiku kucha, wanawake waliinama kwenye mbuzi wakikuna nazi, na jioni palikuwa na mkeka, kikombe cha bati chenye mafuta ya nazi yaliyopashwa makaani, na mkono wa mtu mzima. Bibi yangu hakuwa na pupa. Mwenye kuumwa kiuno alianzwa nyayoni, kisha vigimbi, kisha nyuma ya mapaja. Kiuno chenyewe kilifikiwa mwisho, kwa kiganja, si kwa ncha za vidole. Akikuta pamekaza haongezi nguvu. Hutulia hapohapo, akasema, "Shusha pumzi, mjukuu wangu," mpaka nyama ilegee yenyewe.

Alichokuwa akikigusa kila apikaye amekiona: ule utando mweupe, mwembamba, unaofunika kila msuli wa nyama ya ng'ombe na kuutenga na mwenziwe. Wataalamu wanauita fashia. Tabaka zake zinatakiwa zitelezeane, na kati yake mna ute wa kulainisha. Mwaka 2011 Helene Langevin na wenzake, huko Marekani, walichapisha vipimo vya ultrasaundi: tabaka za mgongo wa chini za watu wenye maumivu sugu ziliteleza pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko za wasioumwa. Kama kukakamaa ndiko kunakoleta maumivu, au maumivu ndiyo yanayomzuia mtu asijongee, vipimo vile havikuamua.

Sasa tunakaa. Kitini ofisini, kitini kwenye daladala, kisha kitandani na simu, shingo imeinama. Kiuno kikigoma tunakimbilia duka la dawa, na wengine humeza diklofenaki miezi na miezi bila kumwuliza daktari, ilhali dawa hizo zikizoeleka huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Jambo hili linaniuma sana.

Mimi siku hizi hutumia mpira wa tenisi. Nauweka kati ya ukuta na nyama ya kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa, nakunja magoti kidogo na kuegemea kwa uzito unaovumilika. Nashusha pumzi polepole kwa dakika moja hivi, nasogea, kisha natembea. Utando haunyooshwi kwa siku moja. Kinachotulia kwanza ni neva, na wepesi ule hupotea usiporudia kesho. Ila mguu mmoja uliovimba na kuuma haukandwi, huenda ni damu iliyoganda. Na mwenye ganzi ya mapajani au anayeshindwa kuzuia mkojo aende hospitali siku hiyohiyo.

Mpira, hata hivyo, hauoni uso ukikunjamana. Mtaani kwetu kukandwa kumebaki kwa mzazi tu, kwa maji ya moto na mafuta, na siku 40 zikiisha, basi. Wazee wenye nyonga zilizokaza hawana wa kuwashika. Wanaoijua kazi hii ni vikongwe, na sijamwona binti wala kijana aliyekaa kando yao kujifunza.