Anatoglo: Ukumbi wa Mnazi Mmoja

Mgeni atokaye bandarini Dar es Salaam kwenda Kariakoo hupita Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi na wakoloni baina ya mitaa ya Wahindi na mitaa ya Waafrika. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kando ya uwanja huo umesimama ukumbi ambao wenyeji huuita Anatoglo. Jina hilo latokana na George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki mwenye mashamba ya mkonge, aliyetoa fedha za kuujenga.

Asili ya nyumba za namna hii ni askari. Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya vijana wa Tanganyika walirejea kutoka Burma na kwingineko. Serikali ilichelea wasije wakazurura mijini bila kazi wakaleta ghasia, ikaanzisha vituo vya ustawi wa jamii ili wapate mahali pa kunywa chai, kusoma magazeti na kucheza jioni. Lakini askari wengi walirudi vijijini kwao, na vituo vikajaa makarani na walimu.

Anatoglo ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Humo watu walipata masomo ya jioni, hotuba za hadhara, sinema na dansi, na akina mama walijifunza kushona. Wakubwa walitumaini kwamba mtu aliyeshughulishwa hivyo jioni hatapata nafasi ya kushughulika na siasa.

Wahenga walisema, akili nyingi huondoa maarifa. Mtu aliyezoea kumsikiliza mnenaji kwa utulivu, kisha akainua mkono na kuuliza, hakosi siku moja kuuliza kwa nini atawaliwe na mgeni. Tarehe 17 Aprili 1953 wanachama wa TAA walikutana katika ukumbi huo huo, wakamchagua Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu, awe rais wao. Makamu wake akawa Abdulwahid Sykes, naye alikuwa mmoja wa askari waliorudi kutoka Burma.

Mwezi wa Agosti mwaka huo, serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Jambo hilo lilikuwa zito, kwa maana wengi wa waliosoma waliajiriwa na serikali, na kila mmoja alipaswa kupima baina ya chama na mshahara uliolisha watoto wake. Hata hivyo, tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU katika nyumba ya chama, mtaa uitwao sasa Lumumba, si mbali na Anatoglo. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Ukumbi ungali umesimama, na watu wa mji hukutana humo kwa mambo yao. Msomaji akijaliwa kufika Dar es Salaam, asiupite kama apitavyo nyumba nyingine. Nyumba iliyojengwa ili watu watulie ndiyo waliyojifunzia kushauriana, na kumchagua kiongozi wao kwa amani.