Baada ya Kushukuru

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyefanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo, amerudi nyumbani, ndugu na majirani wameshamshukuru Mungu kwa ajili yake, na bado giza likiingia anashikwa na hofu asiyoweza kumweleza mtu. Mimi nilikuwa huyo. Nilidhani niko peke yangu, na nilidhani ni utovu wa shukrani.

Ugonjwa wenyewe niliupata utotoni kule Mufindi, kwenye baridi, ambako mafindofindo yalikuwa jambo la kawaida na mtoto hakupelekwa hospitali kwa sababu ya koo. Tulisukutua maji ya chumvi, tukapona, tukarudi shule. Ukubwani ndipo nilipoelezwa kwamba kuna bakteria wa koo ambao wasipotibiwa kwa penisilini, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto hugeuka ikaushambulia moyo wao wenyewe. Shambulio likijirudia, milango ya moyo, yaani valvu, huota makovu na kukakamaa. Kwangu uliharibika mlango wa mitrali, ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Mimba ndiyo iliyoufichua. Damu ya mjamzito huongezeka, na mlango uliosinyaa haukuweza kuipitisha. Nikawa nalala nimeketi, nakohoa usiku kucha. Mtoto alizaliwa salama. Mimi nikaanza safari za Dar es Salaam.

Nilifanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 2015. Miaka ya nyuma wagonjwa wengi wa aina yangu walilazimika kupelekwa India. Walinifungua kidari, wakausimamisha moyo huku mashine ikifanya kazi yake na ya mapafu, wakautoa mlango mbovu na kushona mpya wenye vibao viwili vya kaboni vinavyofunguka na kujifunga. Mfupa wa kifua wakaufunga kwa nyuzi za chuma ambazo ninazo hadi leo. Sehemu hiyo naipita haraka kwa kuwa ilikuwa kazi ya wengine. Yangu ilianza nilipozinduka.

Nikiwa bado kwenye chumba cha uangalizi maalumu, usiku mmoja niliona sisimizi wakipanda ukutani, mistari kwa mistari, wakielekea kwenye mipira iliyokuwa ikinitoa maji kifuani. Nilipiga kelele. Sista wa zamu, mama mtu mzima, alikuja akanishika mkono. "Mwanangu, hao sisimizi hawapo," akasema. "Ni dawa za usingizi na uchovu wa mwili. Wagonjwa wengi wa hapa huona vitu. Wataondoka." Hakunicheka wala hakunikaripia, na kweli wakaondoka. Maneno yale machache yalinitosha kabisa. Ningetamani mtu angenieleza vivyo hivyo kuhusu yale yaliyokuja baadaye.

Niliporudi nyumbani Iringa, wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Watu waliingia na kutoka, wengine wakiwa na kuku, wengine na mchele, na kila mmoja alitaka kuniona kwa macho yake. Nililala chali nikikumbatia mto ili nikikohoa kifua kisichanike. Nilikatazwa kuinua kitu kizito mpaka mfupa uunge, na hilo huchukua kati ya miezi miwili na mitatu. Ndoo ya maji ya lita 20 ilikaa palepale mlangoni, nami naitazama. Mwanangu alikuja akanyoosha mikono nimbebe. Mama akamwahi, akamwondoa, mtoto akalia. Mimi nami nililia, na sikunyamaza hadi usiku.

Machozi yakawa yanakuja yenyewe. Chai ikipoa, nalia. Mama akihamisha vyombo vyangu jikoni, napandwa na hasira hadi mikono inatetemeka, halafu nalia kwa kumwonea mama huruma. Siku moja nilitembea mpaka dukani na kurudi bila kutweta, jambo ambalo sikuwa nimeliweza kwa miaka, nikaimba nikikunja nguo. Kesho yake moyo ukaenda mbio kidogo wakati wa kuoga na nikaketi sakafuni nikisubiri kufa. Nilishindwa kuelewa jinsi mtu yuleyule, wiki ileile, anavyoweza kuwa na furaha na hofu kubwa kiasi hicho.

Usiku ndio ulikuwa mgumu kuliko yote. Valvu ya kaboni inalia. Mchana kelele za dunia huufunika mlio wake, lakini nyumba ikitulia unausikia: tik, tik, tik, kwenye mto, kwenye meno, kwenye masikio. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, nami nilikuwa nimejipa kazi ya kuyasikiliza mapigo yote. Nilihofu kwamba nikilala bila kusikiliza, moyo utasimama. Mume wangu naye alikuwa macho, kumbe, akisikiliza vilevile kwa siri, na hatukuambiana.

Jumapili moja mchungaji alinipa nafasi ya kutoa ushuhuda. Nilivaa gauni lililofunika kovu hadi shingoni, nikasimama mbele, nikasema Bwana Yesu asifiwe, kanisa likaitikia amina. Nilieleza jinsi nilivyoumwa, jinsi walivyonichangia, jinsi Mungu alivyoiongoza mikono ya madaktari. Katikati ya maneno sauti ikakatika, machozi yakanitoka, na akina mama wakapiga vigelegele. Waliona furaha, nayo ilikuwamo kweli. Lakini ndani ya machozi yale kulikuwa pia na usiku uliotangulia, ambao niliupitisha nimekaa kitandani nikihesabu mapigo. Ningelisemaje hilo? Waliokuwa wameketi mbele yangu ndio waliouza mahindi wakachanga nauli yangu. Aliyechangiwa na watu wote hao hujiona hana haki ya kuhuzunika. Nilirudi kuketi, nikatabasamu, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa kutabasamu.

Leo ningewaambia kanisa zima bila kusita: nilikuwa nimepona na nilikuwa ninaumwa, yote mawili kwa wakati mmoja, na imani yangu haikuwa imepungua hata kidogo.

Kuna hofu nyingine, ya vidonge. Mwenye valvu ya aina yangu humeza warfarini maisha yake yote, kwa sababu damu ikiganda kwenye vile vibao inaweza kuviziba au kupeleka bonge kichwani na kuleta kiharusi. Dawa ikizidi, damu hutoka isikome. Ndiyo maana tunapimwa INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara, na kwa valvu ya mitrali namba hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Nilipokuta 1.7 niliona kiharusi kinanijia. Baada ya dozi kupandishwa ikapita 4, nikaogopa hata kupiga mswaki. Kila doa la bluu mguuni nililisoma kama barua ya msiba. Majirani waliniletea unga wa mlonge kwa upendo, nami nikaukataa, kwa sababu majani ya kijani yana vitamini K, na vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini. Mchicha na matembele sikukatazwa. Niliambiwa nile kiasi kilekile kila wiki ili dozi ipangwe kukifuata. Wengine walikuja na la kutisha zaidi: kwamba nimeshaombewa, kwa hiyo niache vidonge nionyeshe imani. Hilo naliandika nikiwa na uchungu, maana ushauri huo unaua. Maombi niliyapokea, na vidonge nikaendelea kumeza kila jioni saa moja.

Aliyenifungua ni mama mmoja kutoka Pangani. Tulikutana kwenye benchi la kliniki, tukisubiri kutolewa damu. Yeye alikuwa amewekewa valvu kabla yangu. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akauliza bila salamu ndefu, "Mwanangu, umeanza kulia?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

"Mimi nililia hadi mume wangu akaenda kwa sheikh kuuliza kama nimerogwa," akasema. "Alhamdulillahi tumepona. Lakini mwili ulifunguliwa, moyo ukasimamishwa, wewe unadhani nafsi yako haikupata habari? Mwambie daktari. Usimfiche. Hata hili lina tiba."

Nilimwambia daktari siku hiyohiyo. Alisema huzuni, woga na hasira za ghafla baada ya upasuaji mkubwa wa moyo ni mambo yanayojulikana na madaktari, na huja zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo. Mwili umepitia mshtuko mkubwa, usingizi umevurugika, maumivu yapo, na akili iliyokuwa imekaza kuvuka upasuaji sasa inalegea na kuanza kuuelewa. Kwa wengi hupungua pole pole. Kwa wengine hugeuka kuwa sonona inayohitaji matibabu, na sonona isiyotibiwa huuchelewesha hata moyo kupona. Akanisimulia pia habari za Portland, Marekani, mwaka 1960, ambako daktari Albert Starr aliweka valvu ya mitrali aliyoitengeneza pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Mgonjwa wao wa kwanza alifariki muda mfupi baada ya upasuaji. Aliyefuata aliishi takriban miaka kumi, na kilichomuua hakikuwa moyo. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake. Nimemkumbuka mtu huyo mara nyingi. Alipanda ngazi. Ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu ambacho alikuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuwekewa, na yeye alikuwa akishughulika na ukuta.

Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia. Aliuliza habari za usingizi, chakula, na kama nimewahi kutamani kufa. Nilimjibu ukweli, kwamba kuna usiku nilitamani nisingezinduka. Hakushtuka. Aliandika, akaendelea kuuliza. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kuzitenga hofu zangu katika mafungu mawili. Fungu moja ni la kukimbilia hospitali: homa, kidonda kutoa usaha, damu isiyokoma, kupooza upande mmoja au maneno kukwama ghafla, kupumua kwa shida, mlio wa valvu kufifia au kupotea. Yasiyokuwamo humo, kama vichomi vya mfupa unaounga, kovu kuwasha au ndoto mbaya, nayasubiri hadi kliniki. Karatasi ile niliibandika ndani ya mlango wa kabati. Mume wangu aliisoma, na usiku ule ndipo aliponiambia kwamba naye huwa hasinzii. Tulizungumza mpaka alfajiri, tukalala wote hadi jua lilipokuwa kali.

Sikupona siku hiyo. Nilirudi darasani, nikashika chaki, watoto wakaimba kunikaribisha, na wiki iliyofuata nikasikia redioni habari za mtu aliyeanguka ghafla akafa, nikashindwa kula kwa siku kadhaa. Lakini sasa niliijua hali ile inapokuja, na nilijua itakwisha. Vipindi vibaya vikawa vifupi, vikatengana. Mlio wa valvu nikaanza kuusahau. Mwanangu ndiye aliyenikumbusha, alipoweka sikio kifuani akauliza kinacholia ni nini. Nikamwambia ni mlango wa mama. Akaridhika, akaenda kucheza.

Lililobaki ni suala la mtoto wa pili. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na kuibadilisha kwa sindano huongeza hatari ya damu kuganda kwenye valvu. Wako wanawake waliozaa wakiwa na valvu kama yangu, wakiangaliwa kwa karibu sana na mabingwa. Si jambo la kulianza kimyakimya. Nilikuwa nimejiwazia watoto watatu tangu nikiwa msichana, na hili nimeliombolezea kwa machozi tofauti na yale ya mwanzo. Mama mkwe aliomba kwenda nami kliniki. Alikaa kwenye kiti, akamsikiliza daktari hadi mwisho, akauliza maswali mawili ya maana kuliko yangu. Tulipofika nyumbani aliwaita mawifi zangu akawaambia, "Habari za mimba zisiulizwe tena kwa huyu binti yangu." Hazijaulizwa. Mimi na mume wangu hatujaamua.

Miezi kadhaa iliyopita, kliniki, sista aliniomba niketi na binti kutoka Sumbawanga aliyekuwa akisubiri upasuaji. Alikuja na mama yake. Binti aliniomba nimwonyeshe kovu, nikamwonyesha. Akauliza kama kunauma, kama ataweza kucheza mpira wa pete, kama mchumba wake atasikia mlio. Nilimjibu niliyoyajua na mengine nikamwachia daktari. Kisha nikamweleza habari za sisimizi, za hasira, za machozi yasiyo na sababu, na kwamba yakimjia ayaseme mapema kliniki. Mama yake alikuwa akisikiliza. "Kwa hiyo akilia nisimwambie anyamaze, Mwalimu?" akaniuliza. Nikamwambia, mama, mwache alie, kaa naye, ila siku zikienda hali wala halali, mlete.

Nikawapa namba yangu. Binti alipiga wiki chache baada ya kuruhusiwa, saa nane za usiku. Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nami nikampigia.