Wafu wa Sotoba

Nywele ndizo zilizotutia shaka: za pinki, za zambarau, zimesimama kama miiba ya nungunungu. Anime ya kutisha, yenye vichwa vile? Shiki, ya mwaka 2010, tulianza kuitazama kwa shingo upande. Kisha daktari Ozaki akaanza kuwahesabu wagonjwa wake waliokufa, tukaacha kucheka. Kijijini Sotoba hawachomi maiti kama Wajapani wengi. Wanazika, kama sisi, na kwa hiyo wafu wana njia ya kurudi. Hapo tulinyamaza. Muuguzi Ritsuko, aliyefufuka akakataa damu ya mwenzake, naye alichomwa kigingi. Vipindi vyote 22 vimekwisha na bado hatujapatana: baadhi yetu tunamtetea daktari, wengine hatumsamehei kwa aliyomtendea mkewe.